Mgeni Hafundishwi Mchezo kwa Kitabu

Wasomali wana mchezo uitwao shax, na watu wa Hulugho, mji mdogo ulio karibu na mpaka wa Somalia upande wa kusini wa Kaunti ya Garissa, wanaujua kama wenzao wa Kismayu na Wajir wanavyoujua. Ubao wake huchorwa mchangani: miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, yenye vituo 24 kwa jumla. Kila mchezaji ana kete 12. Huyu hutumia mawe, yule vijiti. Kwanza kete hupangwa moja moja, kwa zamu, mpaka ubao ujae pomoni. Kisha kila mmoja huondoa kete moja ya mwenzake, na hapo ndipo kete zinapopata nafasi ya kutembea. Anayefaulu kupanga kete tatu katika mstari mmoja amepata jare, naye huila kete ya mpinzani. Ina kanuni moja ambayo mimi huipenda kuliko zote: mpinzani wako akizibwa asiweze kusogea popote, huna budi kumfungulia njia, na ukipata jare kwa hatua hiyo ya kumfungulia, huruhusiwi kula.

Sasa mtu hujifunzaje shax? Hapana anayesomewa kanuni hizi nilizozieleza. Mgeni husimama nyuma ya wachezaji, siku ya kwanza na ya pili, akiwasikiliza watazamaji wakigombana juu ya hatua ambayo ingefaa kuchezwa. Baadaye naye hutia neno lake, akachekwa. Halafu siku moja mchezaji mmoja huinuka kwenda kuswali, akamwambia, "Nishikie." Hajui yote, lakini ana kete mkononi na watu kumi nyuma yake wanaomwambia la kufanya. Hivyo ndivyo alivyoingia mchezoni.

Nimeanza na shax ili nipate njia ya kuuzungumzia mchezo mwingine, ambao haujulikani sana kwetu, nao unastahili kujulikana, hasa katika shule za mahali kama Hulugho. Ni mchezo wa mezani usiokuwa na ubao wala mshindi. Watu watano au sita huketi pamoja. Mmoja wao huweka hali: mahali, wakati, jambo lililotokea. Wengine kila mmoja ni mtu fulani ndani ya hali hiyo, naye husema anachofanya na anachonena. Yule wa kwanza huwajibu kwa kueleza kilichofuata, kisha huwauliza tena: mtafanya nini? Kisa husonga mbele kwa maswali na majibu hayo, na hapana ajuaye mwisho wake, hata aliyekianzisha.

Kuhusu jina, nitakuwa mwangalifu, maana wanaisimu tuna ugonjwa wa kubuni istilahi na kuziacha kabatini. Wengine watasema huu ni "mchezo wa kuigiza". Jina hilo lina mwenyewe tayari: mchezo wa kuigiza ni tamthilia, ambayo maneno yake yamekwisha kuandikwa na mwigizaji kazi yake ni kuyakariri. Huku hapana kilichoandikwa. Mimi naona "mchezo wa uhusika" unatosha, kwa kuwa kila mtoto wa sekondari anajua mhusika ni nani. Na yule anayeweka hali tumwite mtambaji, kama tumwitavyo yeyote atambaye hadithi.

Mchezo huu katika umbo lake la sasa umetoka Marekani. Mizizi yake ni ya kijeshi: mnamo 1824 ofisa wa Prussia aitwaye Reisswitz alichapisha mchezo wa kuwazoeza maofisa vita kwa ramani, ukiwa na mwamuzi wa kupima amri zao. Mwaka 1969, katika jimbo la Minnesota, kijana mmoja aitwaye David Wesely aliandaa mchezo wa vita vya zama za Napoleon katika mji wa kubuni wa Kijerumani uitwao Braunstein. Wachezaji walijitokeza wengi kuliko alivyotarajia. Kwa kukosa majeshi ya kuwagawia wote, aliwapa wengine nyadhifa za kiraia: huyu meya, huyu mwenye benki, huyu mkuu wa chuo kikuu. (Sijui mkuu wa chuo kikuu alitarajiwa kufanya nini vitani, ingawa nina fununu.) Wachezaji wakaanza kufanya mambo ambayo hayakuwamo katika mpango: wakaulizana habari pembeni, wakapatana, wakahadaana, na Wesely akalazimika kuamua papo hapo. Yeye alidhani jaribio lake limeharibika. Wenzake walimwomba arudie. Miongoni mwao alikuwamo Dave Arneson, ambaye pamoja na Gary Gygax walitoa mwaka 1974 mchezo uitwao Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu katika kisanduku, nakala 1,000 tu kwa toleo la kwanza.

Naomba msomaji azingatie jambo moja katika historia hiyo. Usiku ule wa Braunstein watu wote mezani walikuwa wageni wa mchezo, kwa kuwa mchezo wenyewe ulikuwa bado haujazaliwa. Hapana aliyesoma kanuni, maana hazikuwapo. Walichokuwa nacho ni cheo, haja, na mtu wa kuwajibu. Hicho kilitosha. Leo kitabu cha mchezaji cha mchezo huohuo kina zaidi ya kurasa 300, na wapenzi wake wengi, kwa nia njema kabisa, humkaribisha mgeni kwa kumpa kitabu hicho, karatasi ya kujaza tarakimu za mhusika wake, na hotuba ya saa nzima kuhusu namna ya kuhesabu nguvu na majeraha. Mgeni hutoka hapo akiamini kwamba amekaribishwa katika somo la hesabu. Harudi tena.

Kosa hilo si geni kwetu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kanuni za namua na mtaji zinaweza kumchosha hata mtu mzima. Kwa sababu hiyo watu wa pwani walikuwa na bao la kujifunza, mchezo mwepesi wa kumzoeza mtoto mkono na jicho kabla hajaingia baoni hasa. Wahenga wetu hawakumpa mgeni mchezo wote kwa siku moja. Na kwa mchezo wa uhusika, sehemu nyepesi ya kuanzia ni swali: wewe ni fulani, limetokea jambo hili, utafanyaje?

Mtoto wa Hulugho analijua swali hilo kuliko tunavyodhani. Mtambaji wa Kisomali hufungua kwa kusema "Sheeko, sheeko", na wasikilizaji humjibu "Sheeko xariir", yaani hadithi ya hariri. Ni mapatano yaleyale ya "Paukwa" na "Pakawa" na "Hadithi, hadithi" na "Hadithi njoo". Kabla ya kiitikio hadithi haiwezi kuanza, kwa hiyo hadhira ina sehemu yake tangu neno la kwanza. Tunawafundisha wanafunzi wa fasihi simulizi kwamba fanani husimulia na hadhira husikiliza. Aliyewahi kuketi na watoto usiku anajua kwamba hadhira hukatiza, huuliza, hukataa mwisho usioipendeza. Mchezo wa uhusika huichukua hadhira hiyo na kuipa kiti. Ongeza hapo mchezo wa baba na mama, ambao watoto wa Nairobi huuita kalongolongo, na baraza la wazee chini ya mti, ambako mtoto husikia mlalamikaji, mlalamikiwa na msuluhishi wakipokezana maneno juu ya kisima au ng'ombe. Malighafi yote ya mchezo huu imo mjini.

Nitaulizwa: hata kama imo, inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu ya lugha. Kiswahili ni lugha ya taifa, na Katiba ya 2010 imekifanya pia kuwa lugha rasmi. Hulugho si mbali na Uswahilini: kusini yake ni Lamu, na ng'ambo ya mpaka, Kismayu na visiwa vyake, kuna wasemaji wa Kibajuni, na zaidi kaskazini, Barawa, kuna wasemaji wa Chimwini. Hata hivyo mtoto wa Hulugho huzungumza Kisomali nyumbani, malishoni, sokoni na msikitini. Kiswahili hukutana nacho hasa darasani, na darasani hukutana nacho kupitia mwalimu. Mwalimu akiondoka, lugha huondoka naye.

Na walimu waliondoka. Baada ya abiria 28, wengi wao walimu, kuuawa katika basi karibu na Mandera mnamo Novemba 2014, na baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015 lililoua watu 148, walimu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurudi kaskazini mashariki. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hiyohiyo ya Garissa, na Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Simlaumu mwalimu aliyeokoa roho yake. Nasema tu kwamba mtoto aliyebaki alibaki na kitabu cha Kiswahili na watu wachache sana wa kuzungumza naye kwa lugha hiyo. Kitabu kitamfundisha kwamba wakati wa masharti huundwa kwa -nge- na -ngali-. Hakitampa sababu ya kumwambia mtu, "Ungalisema mapema, tungalimpata."

Sababu hiyo ndiyo mchezo unaoileta. Hebu tuseme tuna watoto sita wa darasa la sita, kivulini, baada ya masomo. Mtambaji, ambaye anaweza kuwa mwalimu au kijana aliyemaliza sekondari, anaanza hivi: "Leo alfajiri Mama Khadija alikwenda lamboni. Akafunga mitungi minne ya maji mgongoni mwa punda, akageuka kumsalimu jirani. Alipogeuka tena, punda hayupo." Kisha awagawie uhusika, kila mmoja kwa sentensi mbili. "Wewe ni mzee wa kamati ya maji; kila mtu anakutazama wewe. Wewe ni binti wa Mama Khadija, nawe ndiwe uliyefunga kamba. Wewe ni mchungaji kutoka Sangailu, hujulikani hapa, na ng'ombe wako wana kiu. Wewe ni dereva wa bodaboda. Umeona kitu njiani, ila hutaki kusema kwa kuwa ulibeba abiria watatu." Na kadhalika. Kila mhusika ana haja moja na siri moja. Asipewe zaidi. Karatasi haihitajiki, seuze kitabu.

Kisha mtambaji anyamaze. Hapa ndipo wengi hushindwa, hususan sisi walimu, tusioweza kuvumilia kimya cha nusu dakika. Mtoto aliyezoea kuulizwa maswali yenye jibu moja hukaa akisubiri ajue jibu linalotakiwa ni lipi. Asiambiwe. Hatimaye mmoja atasema, pengine kwa sauti ya chini:

"Mimi naangalia miguu ya bunda."

Kisomali hakina sauti ya p wala v, kwa hiyo punda atakuwa bunda na pikipiki itakuwa bikibiki. Najua bunda ni la noti au la sigara. Mwalimu akisimama hapo kulieleza hilo, mchezo umekufa, na mtoto yule hatafumbua kinywa tena juma zima. Mtambaji stadi hujibu tu: "Unatazama nyayo za punda. Naam, zipo. Zinaelekea upande wa msitu wa Boni. Na kando yake kuna nyayo za mtu."

"Hiyo mtu ni kubwa ama ni mdogo?"

"Mtu huyo ni mkubwa. Kiatu chake ni kirefu kuliko chako."

Msomaji ataona kilichofanyika. Kosa limesahihishwa mara mbili na mtoto hakusahihishwa hata mara moja. Kisomali huzigawa nomino kwa jinsia mbili. Ngeli zetu ni mzigo mpya kwa mtoto huyu, na hawezi kuubeba kwa kukaripiwa. Anachohitaji ni kusikia umbo sahihi wakati uleule ambapo analitaka, kwa kuwa anataka kujua habari za nyayo. Baadaye, mzee wa kamati akimbana dereva wa bodaboda, zile -nge- na -ngali- zitatoka zenyewe, zikiwa mbovu mwanzoni. Wawili wakinong'onezana kwa Kisomali kupanga hila, waachwe. Watu hupanga hila kwa lugha ya nyumbani duniani kote. Almuradi wanapomgeukia mtambaji waseme Kiswahili. Wakimwita mzee wa kamati "adeer" badala ya "mzee", hilo nalo liachwe, maana ndiyo heshima wanayoijua.

Nimewapa punda kwa makusudi. Vitabu vya Marekani vitampendekezea mgeni kisa cha kwanza cha msafara unaovamiwa njiani na majambazi, maana huko msafara na majambazi ni ndoto tupu. Katika barabara za Garissa gari linalosimamishwa na watu wenye silaha si ndoto, na baadhi ya watoto wana ndugu waliokuwamo. Hatuna ruhusa ya kumrudisha mtoto hapo kwa jina la mchezo. Na ikiwa mtoto mwenyewe atakipeleka kisa huko, kama watoto wafanyavyo, mtambaji asimkemee wala asimfuate. Awe amekwisha kuwaambia wote tangu mwanzo kwamba yeyote anaweza kusema "tupite", na jambo hilo litapitwa bila kuulizwa sababu. Yapo mengine tele ya kusisimua: harusi yenye mgeni asiyealikwa, hirola aliyeonekana karibu na boma wakati wanyama hao wamebaki mamia tu duniani kote, na wengi wao wanaishi katika nchi hii ya mpakani, mvua ya kwanza baada ya ukame kama ule wa 2020 hadi 2023 ambapo misimu mitano ilipita bila mvua ya kutosha.

Liko suala la dadu. Michezo hii huamua mambo ya bahati kwa kurusha dadu, tena za pande nyingi. Hulugho ni mji wa Waislamu, na wazazi wengi hawatapendezwa kuona dadu mikononi mwa watoto, kwa kuwa wanazuoni wengi huzikataza hata pasipo kamari. Sioni haja ya kubishana nao. Dadu si moyo wa mchezo. Mtambaji anaweza kuficha kokoto katika mkono mmoja na mchezaji akachagua. Na asiyeridhika hata na hilo aiache bahati kabisa, mtambaji aamue kwa kupima hoja ya mchezaji, kama Wesely alivyolazimika kuamua. Ndivyo ilivyo pia kwa wachawi na mazimwi yaliyojaa katika vitabu hivyo: yaachwe. Wala tusidhani kwamba wasiwasi huo ni wa Waislamu peke yao. Huko Marekani kwenyewe, mwaka 1983, mama mmoja aliyefiwa na mwanawe aliunda chama cha kuupinga mchezo huu kwa kudai kwamba unawafundisha vijana uchawi, na mabishano yakaendelea kwa miaka mingi. Ni afadhali kuwaalika wazazi na maalim wa dugsi waje waketi nyuma ya watoto, kama watazamaji wa shax. Pengine naye maalim atatia neno juu ya punda alipo.

Sidai kwamba mchezo ni badala ya mwalimu. Mtoto hawezi kujifunza insha wala kusoma kwa kumtafuta punda, na serikali isije ikaona hapa kisingizio cha kutopeleka walimu Hulugho au kutowalinda waliopo. Isitoshe, mtambaji mwenyewe lazima awe na Kiswahili cha kutosha kumrudishia mtoto sentensi iliyo sawa. Ndiyo maana mahali pa kuanzia pangekuwa chuo cha ualimu cha Garissa, kwa vijana wenyeji wanaosomea kazi hiyo, ambao hawatahamishwa kesho. Hawahitaji kozi, alasiri mbili tatu za kucheza wao wenyewe zingetosha, tena wakiwa wageni wa mchezo, ili wajue namna mgeni anavyojisikia anapotazamwa na watu sita wakimngoja aseme.

Nasisitiza jambo la kugawa uhusika, maana lina faida isiyoonekana haraka. Mpe binti mkimya kuliko wote cheo cha mzee wa kamati ya maji. Akisema mwenyewe, ataona haya. Akisema kama mzee, haya ni ya mzee, na mzee hana haya. Kwa lugha ya kigeni jambo hili lina uzito zaidi: makosa anayoyafanya si yake, ni ya mhusika.

Kisa cha kwanza kisizidi saa moja, kati ya alasiri na mifugo kurudi. Kisikamilike, punda abaki msituni mpaka juma lijalo. Na mara ya tatu au ya nne mtambaji ainuke mahali pake, amwambie mmoja wa watoto, "Nishikie," kisha aende kuketi miongoni mwa wachezaji, apewe uhusika kama wengine, na angoje kuulizwa atafanya nini.